Gari Lililolala Ngulyati

Anayetoka Mwanza kwenda Bariadi siku hizi hana sababu ya kulalamika. Barabara ya Musoma humfikisha Lamadi, na pale hukata kulia, akaiacha hewa ya Ziwa Victoria nyuma yake, akafuata lami mpaka makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ukapewa jina la mto. Lakini nchi ni ya kale: ndiyo Ntuzu, na wenyeji wake Wanyantuzu husema Kisukuma chao kwa lafudhi ambayo Msukuma wa Kwimba au wa Geita huitambua kabla sentensi ya kwanza haijakwisha.

Ngulyati ni kata mojawapo ya wilaya hiyo ya Bariadi. Nilifika mwezi wa sita, pamba ikiwa inachumwa. Mbele ya nyumba zilikuwapo turubali zilizotandikwa marobota madogo meupe, na watoto wakikemewa wasizichezee. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko magari, tena kwa mbali sana. Mkulima wa huko huijua ardhi yake kwa majina kama mjini tujuavyo mitaa: luseni ni mchanga wa juu kwenye miteremko, itogolo ni udongo mgumu wa katikati, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni unaootesha pamba na dengu. Udongo huo mweusi ukinyeshewa hushika gurudumu kama ulimbo unavyoshika ndege. Ukikauka hupasuka nyufa ambazo kiatu cha mtoto huweza kutumbukia. Miaka ya nyuma, kabla ya lami, msimu wa masika ulikuwa ukiamua nani afike hospitali na nani asifike, na ndiyo maana gari nitakalolisimulia lilikuwa na heshima yake.

Gari hilo ni Land Rover ya pikapu, ile ndefu, toleo la tatu, ambalo kiwanda cha Solihull huko Uingereza kililitengeneza kati ya mwaka 1971 na 1985. Nililikuta chini ya mkwaju, limezungukwa na ua wa minyaa, tairi zake zimelala ubapa, na kuku akiwa ametaga kwenye kiti cha abiria. Mwenye nyumba, karani mstaafu wa chama cha ushirika, alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya umma miaka ya 1990. Kwa karibu miaka ishirini ndilo lililobeba pamba za majirani, maiti za majirani, na zaidi ya yote wake wa majirani waliofikwa na uchungu wa uzazi usiku. Mzee alipofariki mwaka 2013 gari lilirudishwa kutoka mazishini, likaegeshwa chini ya mti, na ufunguo ukatundikwa msumarini. Halikuwashwa tena kwa miaka 12.

Nilimwamkia mjane wake, “Mwangaluka, mayu,” naye akaniitikia, akaniketisha, kisha akaniambia bila kuzunguka jambo lililokuwa likimsumbua. Mtoto wake mkubwa, aliyeko mjini, ameshapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi huyo angefika Jumamosi na mizani yake. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Hapa inafaa nieleze kwa nini mnunuzi alilitamani gari hili kuliko jingine lolote lililofia kijijini. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa mwaka 1948, vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu, na chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa mgao huko Uingereza. Kampuni ya Rover ikaamua kuvalisha gari lake mabati ya mchanganyiko wa aluminiamu, na desturi hiyo ikaendelea hata baada ya shida kupita. Kwa hiyo bodi haili kutu. Kinachokula kutu ni chasisi iliyo chini, ambayo ni ya chuma. Aluminiamu ina bei nzuri kwenye mizani. Gari linaloweza kukaa mvua na jua kwa miaka 12 likabaki na sura yake huwindwa kwa sababu ya uzuri huohuo.

Mama alikuwa na hoja fupi. “Mwanangu, mimi sikatai kuuza. Nakataa kuuza kitu ambacho hakuna aliyekijaribu kujua kama kimekufa.” Akamwita mjukuu wake, kijana aliyehitimu chuo cha ufundi na asiye na ajira, na mjukuu akamleta kutoka mjini Bariadi fundi mmoja mzee, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

Fundi huyo alijifunza kazi yake katika miaka ya 1970 na 1980, ambayo wasomaji wenye mvi wataikumbuka vema: miaka ya vipuri kuadimika, ya petroli ya mgao, ya magari binafsi kukatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wakati ule gasketi ilikatwa kwa boksi la katoni na mkanda wa feni ukashonwa kwa kamba ya ngozi ya ng'ombe. Nilitarajia mtu wa namna hiyo afike, afungue boneti na kuanza kugonga. Hakugusa kitu. Aliomba kiti, akaketi mbele ya gari, akalitazama kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha chai.

“Babu, betri tunaazima wapi?” kijana akauliza.

“Betri ya nini? Wewe unataka kumwamsha mgonjwa kwa kumpiga kofi?”

Ndipo alipoanza kueleza, na nilifungua daftari langu, maana wengi wetu mjini tuna gari la baba, la mjomba au la marehemu fulani lililosimama uani. Kosa la kwanza la watu, alisema, ni kuazima betri na kupiga stata siku hiyohiyo. Gari lililolala huwa halina tena oili kwenye kuta za silinda; yote imeteremka chini. Ringi za pistoni huweza kuwa zimegandana na silinda kwa kutu nyembamba kama unga. Ukizilazimisha kwa nguvu ya stata, ringi hukatika, na gari ambalo lingepona kwa kijiko cha oili hufa kweli siku ile.

Kwanza, basi, walikagua wapangaji. Fundi alifungua boneti kwa fimbo ndefu, akasimama pembeni akingoja. Akatoka mjusi. Panya walikuwa wamejenga juu ya injini kwa pamba ya mwenyewe mama, na waya tatu kati ya nne za plagi walikuwa wamezitafuna. Nyigu walikuwa wameziba kwa udongo mdomo wa ekzosi na mirija midogo kadhaa. Kisafisha hewa cha gari hili ni kile cha zamani chenye bakuli la oili. Ndani yake oili ilikuwa imegeuka gundi nyeusi yenye mabawa ya wadudu.

Pili, kijiti cha kupimia oili. Fundi alikifuta, akakitumbukiza, akakichomoa na kukiinua kwenye jua. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, alisema, ujue maji yameingia, na safari yako inakuwa ndefu. Hii ilikuwa nyeusi, nzito, lakini nyeusi safi. Hata hivyo akaimwaga yote na kuweka mpya. Wala sidhani kama nimewahi kuona mtu akiweka oili ya fedha taslimu kwenye injini ambayo hajui kama itazunguka. Mama alilipa akinung'unika.

Kisha wakafungua plagi zote nne, wakamimina ndani ya kila tundu vijiko vichache vya oili ya injini iliyochanganywa na dizeli, wakayaziba matundu kwa vitambaa safi, wakaondoka kwenda kula. Kazi ya Jumatano ilikuwa imekwisha saa sita mchana. Kijana alikasirika. Siku zilizobaki zilikuwa mbili, na fundi anakula ugali na mlenda kana kwamba ana mwaka mzima.

Wakati tukila, fundi alitusimulia habari ya Kongwa, ambayo yeye mwenyewe aliipata kwa mwalimu wake wa ufundi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Trekta mpya hazikupatikana, hivyo yakanunuliwa masalio ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino baada ya vita. Mashine zile zilikuwa zimechakaa na kukaa ovyo kwenye unyevu wa kitropiki. Zilipofikishwa Kongwa na kutiwa kazini kwenye udongo mgumu, nyingi ziliharibika katika miezi ya mwanzo, na mpango wenyewe ukavunjwa mwaka 1951 ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua na udongo zikiwamo. Lakini fundi aliitazama kwa jicho la spana: mashine iliyolala inataka kuamshwa taratibu, na Waingereza walikuwa na haraka.

Alhamisi ilikuwa siku ya petroli. Tenki la Land Rover hii liko chini ya kiti cha mbele, na walipolifungulia, yaliyotoka hayakunuka petroli. Yalinuka kama vanishi ya seremala, na rangi yake ilikuwa ya asali. Petroli huchacha: sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto upesi, hupaa, na inayobaki hugeuka utomvu unaoziba vitundu vya kabureta, ambavyo vingine havipiti hata sindano ya kushonea. Walimwaga yote mbali na nyumba, jiko la mkaa likiwa limeondolewa uani na ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Mpita njia aliyekuwa na sigara alifukuzwa kwa maneno ambayo gazeti la familia haliwezi kuyachapa.

Tenki lilikuwa na kutu ndani. Kulisafisha kungechukua siku nzima, na hapo ndipo fundi alipoonyesha akili ya miaka ile ya dhiki. Aliliacha tenki lilivyo. Alichukua kidumu kidogo cha plastiki, akakifunga juu kwenye fremu ya kioo, akaunganisha mpira kutoka kidumuni moja kwa moja hadi kabureta, petroli ishuke kwa uzito wake yenyewe bila kuhitaji tenki wala pampu. Kwa kujaribu injini hiyo inatosha. Kabureta lilifunguliwa mezani, kila kitundu kikapulizwa kwa pampu ya baiskeli.

Kijana aliuliza kama petroli ya leo isiyo na risasi haitaidhuru injini ya zamani. Swali zuri. Injini nyingi za enzi ile zilitegemea risasi iliyotiwa petrolini ili vikalio vya valvu visichakae. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli hiyo kwa sababu ya sumu yake kwa watoto, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa. Algeria ikawa ya mwisho duniani kuacha, mwaka 2021. Fundi alijibu kwamba gari hili lilikwisha kutembea miaka saba kwa petroli mpya kabla ya kulala. Usilikimbize likiwa na mzigo, pima nafasi za valvu mara kwa mara, na hapo alilimaliza suala hilo.

Ijumaa asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya hukumu. Land Rover za zamani zina tundu katikati ya bampa la mbele, na nyuma ya kiti hukaa hendeli ya chuma. Fundi aliingiza hendeli, plagi zikiwa bado nje, akamwonyesha kijana namna ya kushika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiuzunguke mkono wa hendeli, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini inaweza kurusha nyuma, na gumba lililofumbatwa huvunjika pamoja na kiwiko.

Kijana akavuta. Hakuna kitu. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikasimama. Nilimtazama mama, alikuwa akipepeta dengu ambazo zilikuwa zimekwisha kupepetwa. Fundi akasema asivute kwa nguvu zaidi, bali atikise tu, mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mtu anayeng'oa kigingi ardhini. Ilipita robo saa. Halafu hendeli ikasogea, upana wa vidole viwili. Kisha robo ya mzunguko. Kisha ikazunguka yote, na kutoka kwenye matundu ya plagi yakaruka matone ya oili yenye rangi ya kutu, yakamchafua fundi miwani. Hakuifuta. Aliziba tundu moja baada ya jingine kwa gumba lake huku kijana akizungusha, na kila mara gumba likasukumwa kwa pumzi. Mgandamizo ulikuwapo katika silinda zote nne.

Ilibaki cheche. Ndani ya distribyuta mna vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, mafundi huviita pointi. Vikikaa muda mrefu hushika ukungu ambao jicho halioni lakini umeme haupiti. Vilisuguliwa kwa msasa laini, vikafutwa. Waya mpya za plagi zilinunuliwa Bariadi. Kwa umeme waliazima betri ya sola inayowasha taa na televisheni ya nyumbani. Betri ya namna hiyo hutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi na haina kishindo cha kuzungusha stata. Lakini wao walikuwa na hendeli, na koili peke yake haihitaji umeme mwingi. Plagi ililazwa juu ya injini, hendeli ikazungushwa, na cheche ikaruka, ya buluu, yenye mlio. Ingekuwa nyekundu na dhaifu wangeshuku kondensa.

Plagi zikafungwa. Kijana akavuta. Gari likakohoa, likatema moshi na mwale mfupi wa moto kupitia kabureta, kuku wakatawanyika. Akavuta tena, likakohoa vilevile. Likakohoa mara sita. Jua lilikuwa likishuka, na majirani waliokusanyika wakaanza kutoa ushauri, kila mmoja wa kwake, wakiwamo wasiowahi kumiliki hata baiskeli.

Fundi aliwanyamazisha. Gari linalokohoa kupitia kabureta, alisema, lina petroli na lina cheche. Basi cheche inafika mahali pasipo pake. Akafuata waya kwa kidole. Kijana alikuwa amezifunga waya mpya kwa mpangilio wa moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anavyohesabu. Injini hii haihesabu hivyo. Hesabu yake ni moja, tatu, nne, mbili. Waya tatu zikahamishwa.

Mvuto wa pili likawaka.

Halikuwaka kwa sauti nzuri, nisiwadanganye. Lilitetemeka, likatoa moshi wa buluu uliofunika mkwaju, likapiga mbegu za udongo wa nyigu kutoka kwenye ekzosi. Mama aliacha ungo, akaja akaweka kiganja juu ya mlango wa dereva, akakiacha pale mpaka moshi ulipopungua. “Wabeja,” akamwambia fundi, neno hilo moja. Fundi hakumwachia kijana akanyage mafuta. Alikuwa akitazama geji ya oili na chini ya pampu ya maji, ambapo tone moja lilikuwa likidondoka.

Sasa kila mtu alitaka gari liende. Mjukuu alikwisha kukaa kwenye usukani. Jirani mmoja alikuwa na pamba ya kupeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Tairi zilikuwa zimejazwa upepo, ingawa zina nyufa. Fundi aliingia chini ya gari na tochi, akakaa huko, akatoka akatikisa kichwa. Mipira ya silinda za breki imekauka, mafuta ya breki yamevuja yote, na silinda ya gurudumu moja imeshikamana. Mtu mmoja akapendekeza yamiminwe mafuta ya injini kwa muda. Ndipo nilipomwona fundi akikasirika kwa mara ya kwanza: mafuta ya injini huvimbisha mipira ya breki na kuioza, na gari litasimama vizuri siku ya kwanza ili liue mtu siku ya tatu. Katika maisha yake amekata gasketi kwa maboksi na kushona mikanda kwa ngozi, akasema, lakini breki hajawahi kuzibuni wala hatazibuni.

Akazima injini. Akafungua distribyuta, akachomoa rota, akaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Bila kipande hicho gari haliwaki hata lisukumwe na kijiji kizima.

Usiku ule mama alileta faili la karatasi za gari, akiwa na hofu ya deni la leseni ya barabara kwa miaka yote ile. Tulimweleza kwamba ada ya mwaka ya magari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, hivyo mwenye gari sasa hulipa kila anapojaza tenki. Ya nyuma ya hapo itambidi aende Mamlaka ya Mapato mwenyewe, akiwa na kadi ya gari mkononi, na kadi ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Kwa hiyo kuna mirathi pia ya kushughulikia. Alizifunga karatasi kwa utepe, akasema ataanza Jumatatu.

Jumamosi saa tatu asubuhi mnunuzi alifika na pikipiki yake ya magurudumu matatu, mizani ikining'inia nyuma. Fundi alikuwa amerudisha rota kwa dakika tano tu, akamwachia kijana avute hendeli. Mnunuzi alisikiliza mngurumo, akacheka, akauliza kama hata hivyo hakuna chochote cha kupima. Mama hakuwa mtu wa kumrudisha mgeni mikono mitupu. Alimpa betri ya zamani, ambayo ina risasi nzito ndani, kipande cha ekzosi kilichooza, na bakuli la majivu la chuma ambalo hakuna aliyejua lilitoka wapi. Walibishana bei kwa Kisukuma cha haraka ambacho sikuweza kukifuata.

Fedha zile aliziweka mkononi mwa mjukuu bila kuzihesabu tena. Basi la Mwanza lilikuwa likipita saa tano, naye alipanda akiwa na mpira mmoja wa breki uliokauka, umefungwa ndani ya karatasi, ili muuza vipuri apime ukubwa wake asije akampa wa gari jingine.